Maneno ya Daktari Niliyomficha Mkamwana Wangu

Admin, ficha jina langu na mtaa wangu, lakini mengine usiyapunguze.

Nina miaka sabini na nane, ni mjane, naishi Kolwezi. Nilifundisha Kifaransa shuleni kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa moyo umechoka, miguu imejaa maji, na daktari hanipi tena miadi ya mbali. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa sababu anayeniandikia ujumbe siku zote ni mjukuu wangu, na huu hapaswi kuuona kabla sijaamua.

Juzi dada mmoja aliuliza hapa kama upasuaji wa kuinua matiti una madhara. Wengi mlimcheka. Wengine mlimwambia aende tu, mume atatulia nyumbani. Nilisoma maoni yale nikalia, maana ndivyo nilivyofikiri hata mimi.

Mkamwana wangu nitamwita Odile. Mwanangu alimtoa kwao Musumba, binti mpole, mchapakazi, Kifaransa chake kidogo sana. Baada ya mtoto wa kwanza kuachishwa, matiti yake yalilala, kama yetu sote. Mwanangu, dereva wa malori ya madini, akaanza kumtania mbele ya watu: "Muangalie bibi yangu, amezeeka mbele ya mama yangu!" Akawa anamaliza wiki nzima Fungurume bila kurudi. Niliogopa atamwacha, na nilimpenda yule mtoto. Mimi ndiye niliyetafuta kliniki Lubumbashi, na mimi ndiye niliyempeleka.

Tulipokuwa tunangoja, Odile alinishika mkono. "Mama, kama itagusa maziba ya mutoto, mi sitaki. Kwetu mwanamuke bila maziba, banamuangalia vibaya."

"Tutamuuliza munganga," nikamwambia.

Daktari alikuwa mgeni, hakujua Kiswahili. Mimi nikawa mkalimani. Akauliza kama Odile amemaliza kuzaa. Sikumuuliza Odile. Nikajibu, "Oui, docteur." Kisha akaeleza polepole, akichora kwenye karatasi. Haya ndiyo aliyosema, nayatafsiri leo: kovu litafifia lakini halitafutika. Chuchu inaweza kupoteza hisia. Mimba mpya, au mwili kunenepa na kukonda, huweza kuyaangusha matiti tena, kwa hiyo ni heri kungoja hadi umalize kuzaa. Na kwa kuwa chuchu husogezwa, njia za maziwa zinaweza kuguswa. Wako wanaonyonyesha vizuri baadaye, wako wanaopata kidogo, wako wasiopata kabisa, na hakuna daktari wa kukuahidi wewe utakuwa yupi.

Odile akaniangalia. "Anasema nini?"

"Anasema kovu litabaki, na usibebe mizigo kwa majuma machache."

"Njo ile tu?"

"Njo ile tu."

Akacheka kwa kufarijika, akatia sahihi.

Alipona vizuri. Mwanangu akarudi nyumbani, nikajipongeza. Miaka miwili baadaye akazaliwa msichana, na maziwa hayakuja. Tulimpa Odile uji, tukamkanda kwa maji ya moto. Mtoto alivuta na kulia, akakonda hadi ngozi ya mapaja ikakunjana. Ndipo dada za marehemu mume wangu wakaja. Mnajua wazee wetu wanavyosema ziwa likikauka: mama ametoka nje ya ndoa, na mtoto hatapona mpaka amtaje mwanaume.

Wakamkalisha kwenye mkeka uani. "Sema jina, Odile! Unataka kuua mutoto juu ya aibu?" Akaapa hakuna mtu. "Basi, zika mutoto, ubakie na siri yako."

Aligeuza macho kwangu. Maneno ya daktari nilikuwa nayo mdomoni, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Lakini kuyasema ilikuwa ni kukiri mbele ya mwanangu na wifi zangu. Nikainuka, nikasema naenda kununua maziwa ya kopo.

Nilipokuwa dukani, akataja jina. Alimtaja jirani mmoja aliyekwisha kufa. Nadhani alimchagua kwa sababu maiti hapigwi.

Siku ileile mtoto akanywa chupa, na baada ya siku chache mashavu yakajaa. Wote wakasema: mumeona? Ametaja, mutoto amepona. Kopo langu ndilo lililomtia hatiani. Mwanangu akamfukuza, watoto wakabaki kwangu.

Imepita miaka kumi na moja. Odile anauza unga sokoni Fungurume. Kila akija kututembelea, binti yake hutoka chumbani. Nilimsikia akimwambia kaka yake, "Ule mama alipenda banaume kupita mi." Sikumfundisha mimi. Nilinyamaza tu.

Jumatatu hii Odile alinipigia simu. "Mama, banasema uko mugonjwa sana. Samedi naya kukuogesha. Weye tu njo haukunitukana ile siku." Kumbe miaka yote anaamini niliondoka uani kwa sababu sikuvumilia kumwona akionewa.

Dada uliyeuliza, ukienda kwa daktari, habari ya maziwa iulize kwa mdomo wako mwenyewe mpaka ujibiwe. Kama hujui lugha yake, tafuta mkalimani asiye mama mkwe wako. Nenda na mtu ambaye hapati faida yoyote wewe ukipasuliwa.

Leo ni Alhamisi; hiyo Samedi yake, Jumamosi, ni keshokutwa. Nikisema, mwanangu atajua alimfukuza mke asiye na kosa, na Odile huenda akaweka kitambaa cha kuniogeshea chini aende zake, nife bila mkono wake. Nikinyamaza, mjukuu wangu wa kike atamchukia mama yake bure hadi siku ya kumzika. Nishaurini kabla ya Jumamosi. Nimwambie Odile peke yake, au niwaite wote wasikie? Na nimwambie anapoingia tu mlangoni, au nimwache kwanza aniogeshe?