Shikamoo ya Jiwe Bapa

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwamkia Mnyapara, naye hakuitikia.

Nilikuwa nimefika nusu ya mlima pale Igogo, natafuta kibarua. Nikamwona anashuka na watu wake, wote wana viroba vichwani. Nikasimama katikati ya njia, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo mzee." Akanipita kama anayepita kichaka. Walionifuata kwa macho walicheka. Nilishuka nyuma yao nikiwa na hasira, mpaka tulipofika kwenye mwamba mpana uliolala sawasawa kama meza, waliouita jiwe bapa. Hapo akatua kiroba, akafuta jasho, akageuka.

"Kule juu ulikuwa unasemaje?"

"Nilikuamkia, mzee."

"Kule mtu haamkiwi. Kule mtu anapita. Niamkie hapa."

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani?"

"Shija."

"Umewahi kubeba, Shija?"

"Nimebeba samaki mwaloni, nimebeba mkaa, nimebeba abiria stendi ya Nyegezi."

"Abiria wanajibeba. Wewe ulikuwa unapiga kelele tu. Chukua ngata."

Ngata ni ule mviringo wa kitambaa unaokaa kati ya kichwa na mzigo. Niliichukua nikidhani nitakaa wiki tatu. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, na tangu hapo sikuwahi kumaliza mwaka kwenye kazi moja. Kila kazi nikishaijua inavyokwenda, nilitaka kujua nyingine. Hii ya mlimani ndiyo iliyonishinda kuijua upesi, kwa hiyo nikabaki.

Milima ya Mwanza ni mawe, na watu walijenga juu yake bila kusubiri barabara ipande. Kila tofali unaloliona kule, kila ndoo ya mchanga, kila nondo, ilipanda kichwani au begani kwa mtu. Wala hatukushuka mikono mitupu. Aliyesawazisha kiwanja alipasua mwamba, na kokoto zake tulizishusha kwa viroba hadi barabarani. Njia ilikuwa moja tu, upana wa mtu na nusu, inazunguka mawe makubwa kama nyumba. Humo humo walipita wenye ndoo za maji, watoto wa shule, wagonjwa kwenye machela, mbuzi, na sisi.

Watu hudhani kupanda ndiko kugumu. Kupanda kunachosha tu. Kushuka ndiko kunakovunja. Mwenye kilo hamsini kichwani hawezi kusimama ghafla, maana miguu ikigoma mzigo wenyewe unaendelea na safari. Ndiyo maana tulishuka magoti yamekunjwa kidogo, mguu umewekwa upandeupande, na tulivaa katambuga za tairi, kamwe si kandambili. Mvua ikinyesha, mwamba unaota utelezi mweusi usioonekana. Siku hizo Mnyapara alishuka wa kwanza, akimwaga mchanga kidogo kidogo kwenye hatua mbaya.

Alikuwa Mkerewe wa maneno machache. Nililomsikia akilirudia zaidi ni hili: "Wa juu ana macho, wa chini ana kisogo." Maana yake, anayeshuka anamwona aliye mbele yake, lakini wa mbele hamwoni yeye. Kwa hiyo wakigongana, wa juu ndiye anayejibu. Ashuke kwa kasi ambayo macho yake yanaimudu. Akitaka kupita, aite "Njia!" na asubiri apewe nafasi. Anayetoka mlangoni kwake kuingia njiani aangalie juu kwanza.

Ila wa chini naye alikuwa na lake. "Ukisimama," alisema, "simama panapoonekana. Ukijificha nyuma ya jiwe umemnyang'anya wa juu macho yake." Mahali pabaya kuliko pote tulipaita Kona, ambapo njia inapinda chini ya mwamba mkubwa, na anayetoka juu haoni kitu mpaka awe amefika. Pale Kona mtu hakusimama hata kwa kufunga kamba ya kiatu.

Mwaka wangu wa pili nilianza kumposa Veronika. Mama yake, Mwalimu, alikuwa Mhaya aliyefundisha shule ya msingi hadi akastaafu, akajenga juu kabisa ya mlima kwa kuwa kiwanja huko kilikuwa rahisi. Mchanga wa nyumba ile niliupandisha mimi. Siku alipokubali kuzungumza nami alinikalisha kwenye kigoda, yeye kwenye kiti.

"Uliishia darasa la ngapi?"

"La tano, mama."

"La sita lilikukosea nini?"

Akasogeza kiti chake karibu.

"Nasikia umefanya kazi saba."

"Nane, mama. Na hii."

"Mtu anayehama kazi hivyo atamhama hata mke. Huna shule, huna shamba. Nitatazama adabu yako. Hiyo haihitaji cheti."

Nilitoka nikijua nina kitu kimoja tu cha kumwonyesha.

Wiki chache baadaye nilikuwa nashuka na kiroba cha kokoto. Nyuma yangu, hatua kama kumi na tano, alikuja mwenzangu Deus, naye na kiroba. Nilipozunguka Kona nilikutana na Mwalimu uso kwa uso anapanda, na kikapu mkononi. Kumpita mtu aliyeshika posa yangu bila kumwamkia niliona ni sawa na kumtukana. Nikasimama. Nikashusha kiroba mpaka gotini, nikainama, nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, ma..."

Deus alitokea juu yetu. Alituona tukiwa tumeziba njia yote, na mzigo unamsukuma. Angeweza kutugonga. Alijitupa pembeni, ambako hapakuwa na pembeni, ila mteremko wa mawe. Tulimtoa chini ya kokoto zake, mguu wa kulia umevunjika mara mbili.

Mwalimu alisaidia kumfunga kwa khanga yake. Kisha akasema, "Vijana hawa wanakimbia kama mbuzi. Afadhali mwenzake ana adabu." Alikuwa ananisifu. Sikusema neno, na kunyamaza huko nakukumbuka kuliko mlio wa mguu.

Mnyapara hakunipigia kelele. Aliniuliza nilisimama wapi, nikamwambia. Akauliza kwa nini, nikamwambia.

"Umemheshimu mmoja ukamsahau mwingine," alisema. "Nenda Ilemela, kwenye tangi. Hapa sitaki kukuona mpaka Deus asimame."

Ilemela tulijenga tangi la maji juu ya kilima. Msimamizi wa vibarua alikuwa mtu wa daftari, sina la kusema juu yake. Aliyenivuta ni Mhandisi, mgeni kutoka nchi ya theluji, aliyejua Kiswahili cha kuvunjikavunjika na hakuona haya kukitumia. Siku moja aliona tunavyoitana njiani, akasema kwao kuna sheria hiyohiyo mlimani.

"Mnabeba nini?" nikamuuliza.

"Hatubebi. Tunateleza."

Akachora kwenye vumbi: mtu, mbao mbili ndefu miguuni, mlima umefunikwa na theluji. Watu wazima wanapanda juu kwa mashine, wanalipa, kisha wanateleza hadi chini, halafu wanapanda tena. Vibarua walicheka hadi mmoja akakaa chini.

"Kwa hiyo, Mhandisi, mtu anatoa hela ili aanguke?"

"Ndiyo. Na kofia ngumu anavaa."

Mimi niliendelea kuuliza siku nzima, na yeye hakuchoka. Kwao pia wa juu ndiye anayejibu. Anayeanza kuteleza anaangalia juu kwanza. Anayesimama anakaa ukingoni, wala si chini ya kibonde kinachomficha. Alisema ujanani alimgonga mama mmoja, kwa kuwa alikuwa anatazama ncha za mbao zake badala ya kutazama mbele. Yule mama hakuteleza tena maisha yake. Aliponieleza hilo alifuta mchoro kwa kiatu.

"Na ukimkuta mama mkwe wako katikati ya mteremko?" nikauliza.

Wenzangu walidhani natania. Yeye alifikiri.

"Nampita mbali. Namsubiri chini. Chini ndiyo namsalimia."

Niliporudi Igogo nilimsimulia Mnyapara. Alisikiliza yote, mbao na theluji, kisha akasema, "Basi na wao walizikana kwanza ndipo wakaijua sheria hiyo."

Deus alikuwa amesimama, ila mguu ulibaki mfupi na kubeba hakuweza tena. Mnyapara alimpa kiti pale Kona, kwenye ukingo unaoona pande zote mbili. Kazi yake ikawa kuita. Wakitoka juu anasema "Mzigo!" na wa chini wanangoja. Tulichangishana wote kumlipa, na ilikuwa mara ya kwanza mlima ule kuwa na mtu wa namna hiyo. Nilimwomba radhi mara moja. Alisema, "Ulikuwa unaoa, Shija. Ungekuwa unakunywa ningekupiga."

Mwezi wa pili baada ya kurudi, niliteremka na nondo begani, wabebaji wawili nyuma yangu. Chini ya Kona alikuwa Mwalimu, anapanda, ingawa Deus alikuwa ameita. Veronika alikuwa ameshaniambia jibu la posa liko karibu. Nilimwona mama akipunguza mwendo na kunyoosha shingo, tayari kuitikia.

Nikaita, "Njia!"

Hakusogea. Nikaita tena kwa sauti ya kazini, ile tunayowaitia mbuzi. Akabandika mgongo kwenye mwamba, nami nikampita karibu kabisa bila kumtazama usoni, bila neno. Nyuma yangu nilimsikia anasema, "Mshenzi huyu!" Neno hilo lilishuka nami mpaka chini.

Yaliyofuata aliniambia Deus. Mwalimu alimgeukia pale kwenye kiti chake.

"Umeona? Amenipita kama mbwa!"

"Nimeona, mama."

"Mwaka jana alikuwa na adabu. Alisimama hapa hapa, akaniamkia vizuri."

Deus akakunja suruali, akaugonga ule mguu kwa fimbo. "Shikamoo ya mwaka jana ndiyo hii, mama."

Mwalimu aliutazama mguu. Kisha badala ya kuendelea kupanda kwenda kwake, akageuka akashuka.

Nilipopanda tena, mabega matupu na maneno ya kuagana na Veronika yakiwa tayari mdomoni, nilimkuta amekaa kwenye lile jiwe bapa, kikapu miguuni, mgongo umenyooka kama yuko mbele ya darasa.

"Hapa panafaa?" akauliza.

"Panafaa, mama."

"Basi niamkie. Sina siku nzima."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie baba yako aje."

Baada ya hapo nilifanya kazi milima mingi. Nyegezi tulipandisha tofali za hosteli za wanafunzi. Mnyapara alipofariki nilishika nafasi yake, na kila mgeni aliyeniamkia njiani nilimpita kimya. Wengine walinichukia hadi jiwe bapa. Siku hizi baadhi ya milima ina ngazi za zege na vyuma vya kushika, na kazi imepungua. Ngazi ni nzuri. Ila naona watu wanasimama katikati yake wakisoma simu, kisogo juu, kana kwamba zege limefuta mteremko. Mteremko haujaondoka. Magoti yangu ndiyo yameondoka, na nilistaafu siku ambayo naweza kuitaja bila kutafuta.

Ni siku tuliyomshusha Mwalimu. Alikufa juu kule kwake, ametimiza umri, na jeneza halina njia nyingine. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Niliwaomba wabebaji wangu sita wambebe, nikatangulia mimi na ndoo ya mchanga, namwaga kwenye hatua mbaya. Wanafunzi wake wa zamani, watu wazima sasa, walikuwa wamejipanga tangu Kona kwenda chini. Walitaka tusimame hapo, kila mmoja auguse ubao. Mmoja alishika kabisa mkono wa jeneza.

"Njia!" nikaita.

"Shija, huyu ni mkweo!"

"Njia!"

Deus, mzee kama mimi, aliinuka kitini akawasukuma ukingoni kwa fimbo yake. Tukapita. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyelia kwa sauti, mpaka tulipofika kwenye jiwe bapa. Hapo nikawaambia wamtue. Nikavua kofia, nikainama, nikawa wa kwanza kumwamkia, kisha nikasogea pembeni ili wengine wapate nafasi.