Sahani Iliyokataa Kuvunjika Harusini Kwangu

Nilikosa mimi, na sina wa kumsingizia. Niliiba sahani ya harusi yangu mwenyewe.

Mume wangu, Pavel, alizaliwa hapa Johannesburg, lakini ukoo wao ulitoka Bohemia, kwa Wacheki. Nyanya yake hachoki kusimulia jinsi bibi mmoja wa ukoo alivyovuka bahari na sahani sita zenye maua ya buluu, amezificha ndani ya mto wa manyoya. Tangu hapo, kila harusi ya ukoo sahani moja huvunjwa mlangoni, na maharusi huvizoa vigae pamoja. Ndiyo kazi yao ya kwanza ya ndoa.

Ilikuwa imebaki moja. Yangu.

Sasa mimi ni Mkenya niliyesomea kuhifadhi vitu vya kale. Usingizi ulinipaa. Mtu niliyekuja juzi, ndimi nitakayemaliza historia ya watu? Wajukuu wataniitaje? Nikanunua inayofanana nayo katika duka moja mtaani Jeppestown, nikaziba pengo kabatini mwa Nyanya, ile halisi nikaifunga kwa leso zangu na kuificha sandukuni. Niliwaza kila kitu, isipokuwa kuigonga ile mpya nisikie mlio wake.

Siku ikafika. Nyanya akasimama mlangoni pake, Turffontein, macho yamejaa machozi, akaibamiza sahani chini.

Ikadunda.

Jamani, ikadunda! Ikabingirika uani hadi miguuni pa shangazi yangu.

"Eish," Pavel akasema. "Wazee walijua kutengeneza."

Shangazi akaigonga kwa kucha. "Hii ni plastiki. Hata lori haliivunji."

Nyanya alikuwa ameingojea siku hiyo tangu Pavel akinyonya. Akanitazama mimi, mwenye kazi ya kuhifadhi vitu. "Binti, unataka kuwa wetu au hutaki?"

Nikakimbia na gauni langu kuileta ile halisi, nikaungama mbele ya wageni. Nilijua harusi imekwisha. Nyanya akaipokea, akaipangusa, akanirudishia.

"Vunja wewe. Na safari hii kwa nguvu."

Nikaivunja. Tukazoa, mimi na Pavel, tukicheka hadi vigae vikawa vinatuponyoka.

Gharama yake? Ukoo mzima sasa unaniita Plastiki. Ile sahani iliyodunda Nyanya ameiweka kabatini, mahali pa zile sita, na kila mgeni husimuliwa yote, kuanzia mto wa manyoya hadi kwangu.

Nawe unayeolewa kwenye ukoo wa watu, nakuomba: wakikupa kitu cha kuvunja, kivunje.