Mafuta ya Yaya

Mwaka ule wa vita, wenye akili walitafuta pa kujificha. Mimi nilitafuta kuolewa. Baba alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo mbuzi za mahari zilipaswa kupokelewa na yaya, kaka yangu mkubwa. Asipoweza, baba mdogo angekaa mahali pake, na watu wangesema nyumba yetu imekwisha. Nilimtaka yaya, basi.

Ila yaya alisikia sauti za watu tusiowaona, na alibishana nao kutwa. Vidonge alivificha chini ya ulimi, akavitemea kuku. Butembo nzima haikuwa na kuku watulivu kama wetu.

Ndipo munganga mmoja wa hospitali ya Beni akanieleza habari ya sindano ya mafuta. Dawa imechanganywa na mafuta, unachomwa kwenye tako, mafuta yanakaa pale yakiiachilia dawa kidogo kidogo, nayo inapanda hadi kwenye ubongo mwezi mzima. Nilirudi na kichupa ndani ya kilemba. Kwenye bariyeri wanajeshi walipekua hadi viazi vyangu. Nikachekacheka kwa woga, wakaniacha. Munganga wa mtaani kwetu akamchoma yaya siku ileile. Mbuzi zilikuwa zije baada ya wiki tatu.

Sasa mama. Mama aliuza mawese. Mawese yanatoka Beni, kwenye joto, yakiwa majimaji. Yakifika kwetu, baridi ya asubuhi inayagandisha hadi unayachota kwa kisu. Munganga alimweleza mara mbili kwamba mwili wa mtu una joto lake.

“Mais munganga, mafuta ya Beni inagandaka huku,” mama akamjibu kwa heshima zote, kisha akaenda kununua makaa.

Wiki tatu yaya alikaa ameipa mgongo mbabula, jiko letu la makaa, moto umekolea, blanketi mbili zimefungwa kiunoni. Akienda chooni, mama yuko nyuma na jiwe la moto ndani ya kitambaa. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Mama akanitukana kwa Kinande, nikazidi. Lakini kila asubuhi niliitazama midomo ya yaya, kama bado inabishana.

Siku yenyewe, wakwe wakamkuta kwenye kiti na blanketi zake, mbabula nyuma yake. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Yaya akapapasa mbuzi moja moja, akatazama meno, akakataa moja iliyochechemea. Wakaibadilisha. Halafu ghafla akainamisha kichwa kama anayesikiliza. Baba mdogo tayari alikuwa anainuka.

Nikapiga magoti karibu na yaya, nikamuuliza polepole wanamwambia nini.

“Hapana mutu anasema,” akanijibu. “Niko nasikia mbuzi tu.”

Mama akainama, akaongeza makaa.