Helikopta Juu ya Karanga za Kijiji

Nilipoinuka peke yangu kutoka ardhi ya Tabora, jambo la kwanza nililolihisi ni dharau. Niliidharau mashine yenyewe. Ng'ambo, nilikopata stashahada yangu ya ufundi wa ndege na kufunzwa kurusha, nilizoea helikopta zenye milango na vioo. Hii ilikuwa kiti kimoja cha chuma, tangi la petroli mgongoni, mapanga mawili juu ya kichwa, na injini iliyolia kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Miguu yangu ilining'inia kama ya mtoto aliyepakiwa kwenye baiskeli. Meno yaligongana.

Mtaalamu wa kigeni ndiye aliyeileta, apate kuchunguza mapori yenye ndorobo, wale mbung'o waliotumalizia ng'ombe. Mkataba wake ukaisha, akaiacha kwenye makasha katika stoo ya serikali. Hakuna aliyethubutu hata kung'oa msumari. Niliyafungua mimi, nikaiunga mimi, huku nusu ya mtaa wetu wa Kanyenye ikija kunicheka. Kinara wao alikuwa mjomba wangu, fundi cherehani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mpwa wangu, miaka yote hiyo Ulaya, umerudi kutuundia feni?"

"Subiri, utaiona ikiruka."

"Nitaionea wapi, nawe utakuwa ahera?"

Wakaangua kicheko, watu ambao safari yao ndefu maishani ilikuwa kupanda treni hadi Tura na kurudi na kuku.

Mkoa ulinipa nafasi moja tu. Niirushe hadi kijiji cha Kwihara, nitue kwenye uwanja wa mpira mbele ya kamati ya mkoa. Nikifaulu, mashine ibaki Tabora nami niwe rubani wake. Nikishindwa, irudi Dar es Salaam kwa treni, nami nirudi karakana kukaza nati za matrekta ya vijiji vya ujamaa. Kazi hiyo angeweza kuifanya mtu yeyote mwenye spana. Mimi nilikuwa na stashahada.

Nilituma maagizo kijijini: fyekeni majani, yaacheni mafupi. Basi.

Angani niliizoea haraka. Niliiona njia ya zamani ya misafara ikijikunja kati ya miti kama mkwaruzo juu ya mguu mkavu. Babu zetu waliipita miezi mitatu na pembe za ndovu mabegani, na watu wanalisimulia hilo kwa fahari. Mimi nilifika Kwihara kabla birika halijachemka.

Nikaona watu wamepanga mistari, viti vya kamati kivulini, na katikati yao uwanja mwekundu, mtupu, unaong'aa. Hawakuwa wamefyeka. Walikuwa wamelima kwa jembe hadi mzizi wa mwisho, kisha wanawake wakafagia. Kwetu mgeni wa serikali hapokewi juu ya majani. Majani ni uvivu, majani ni nyoka. Mvua zilikuwa zimekatika, na udongo ulikuwa unga mtupu.

Nilishuka hadi kimo cha paa. Upepo wa mapanga ukaunyanyua uwanja wote. Sikuona ardhi, sikuona mbingu, sikuona magoti yangu. Mwingine angeanguka pale. Nilivuta mashine juu, nikatoka nikitema vumbi, nikatafuta mahali penye majani. Palikuwa na mahali pamoja tu: shamba la kijiji la karanga, la kijani, tambarare. Nikatua taratibu kama kuku anayelalia mayai. Niliharibu karanga za mahali anapoweza kulala mbuzi.

Kisha wakaja. Kijiji kizima, na nusu ya kamati, wakakimbia katikati ya shamba ili waishike mashine. Walipofika, shamba lilikuwa barabara.

"Ndugu mtaalamu," akasema mwenyekiti wa kamati, vumbi kwenye nyusi, akiwa amesimama juu ya shina la karanga, "umetua juu ya jasho la wananchi."

"Tazama chini ya viatu vyako, ndugu mwenyekiti."

Hakutazama.

"Tulikufagilia uwanja!" akapaza sauti mama mmoja, fagio bado mkononi. "Hukuutaka! Msomi anataka kutua juu ya chakula!"

Niliwaeleza habari ya vumbi. Nilieleza mara mbili, polepole, kama unavyomweleza mtu asiyetaka kuelewa. Kamati ikanong'onezana, ikaamua: mashine irudi Dar es Salaam, na ni marufuku kuirusha tena, hata hadi stesheni.

Wanaume wakakata miti, wakaifunga mashine juu yake kwa kamba, wakaibeba mabegani. Ndani ya dakika chache walikuwa wameshapata wimbo, mmoja akiongoza na wengine wakiitikia, kwenye njia ileile ya pembe za ndovu. Walifurahi kweli. Kubeba walikujua.

"Rubani, njoo ushike mkia!" mmoja akaniita.

Nikawapita, nikatembea mbele yao hadi stesheni, ili mtu yeyote asije kusema kwamba niliifuata.