Nilimwambia Mtani Boti Yake Imeoza, Akacheka

Jamani, nimemuua mtu. Naandika hivi hivi, chozi hakuna. Ningekuwa nalia labda ningepata nafuu, lakini silii. Basi ngoja niseme tu.

Mie ni fundi bodi. Nina gereji Temeke, nanyoosha mabati ya magari, naunga bampa kwa faiba, napiga rangi. Gari likitoka kwangu huoni lilipogongwa. Baadaye nikaanza kushika na boti, kwa sababu nilijiambia faiba ni faiba tu, iwe ya bampa iwe ya boti. Nilikuwaga na mdomo sana!

Aliyeniingiza kwenye boti ni marehemu mwenyewe. Jina lake silitaji, nitamwita Mtani, maana ndivyo tulivyoitana. Mie Mnyamwezi wa Tabora, yeye Mzaramo wa Pugu, na makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu. Hakuwahi kuniamkia kama watu wanavyoamkiana. Akiingia gereji anaanza, kwa vile mababu zangu walikuwa wapagazi wa misafara, "Haya, mchukuzi, leo umebeba mzigo wa nani?" Nami namrudishia, "Wa kwenu, nyie si mmelala mnasubiri nazi ianguke!" Tulitukanana mbele ya wake zetu na hakuna aliyenuna. Nilimpenda yule mtu kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Alikuwa na boti ya faiba, anapeleka watu kisiwani kutoka ufukwe wa kule Kinondoni. Ramadhani ilikuwa inakaribia, kila mtu anatafuta pa kuvunjia jungu, kula na kustarehe kabla ya kufunga, na yeye alishawaahidi akina mama wa mtaani kwake kuwa atawapeleka. Akanipigia simu: "Njoo uiangalie boti, ina ukurutu."

Nikaenda. Walikuwa wameipandisha mchangani na kuilaza ubavu. Chini malengelenge yametapakaa kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Nikatoboa moja kwa bisibisi, maji yakachuruzika, yananuka siki. Hiyo harufu naijua. Maana yake maji yamepita ile ngozi ya nje inayong'aa, tunayoiita jelkoti, yameshaingia kwenye faiba yenyewe.

Nikazunguka nyuma, pale mashine inapofungwa. Nikaona nyufa nyembamba. Nikagonga kwa mpini wa nyundo. Boti nzima inalia ko, ko, ko. Pale nyuma ikalia bwe. Ndani ya ile nyuma huwa kuna ubao umefunikwa na faiba, ndio unaobeba mashine. Ukilia hivyo, umeoza.

Dawa yake ni moja. Unakata, unatoa ubao wote, unakwangua malengelenge, unaosha kwa maji ya bomba, unaiacha boti ikauke wiki na wiki, ndipo unaijenga upya. Kufikia hapo vunja jungu imeshapita na Idi imeshaliwa.

Nilitakiwa nimwambie. Na nilimwambia! Hapo ndipo penye dhambi yangu, nisikilizeni vizuri.

"Mtani," nikasema, "boti yako imeoza makalio. Ukiingia nayo baharini utazama, tuje tule pilau lako."

Nilisema huku nacheka. Akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Mnyamwezi wewe! Bahari umeionea wapi? Si kwenu mnaogelea kwenye beseni!"

"Haya, shauri yako."

"Paka, mtani, paka. Ing'ae, akina mama wajione wako Ulaya."

Nikapaka.

Ningeweza kuacha kucheka. Ningemshika mkono nikamwita kwa jina lake, siku hiyo moja tu, angejua hakuna mchezo. Sikufanya. Nilijua kabisa nikisema vile hataamini, na ndiyo maana nikasema vile. Nilitaka niwe nimesema bila yeye kusikia. Kwa nini? Nilishamtambia kwenye simu kwamba kazi itaisha kabla ya vunja jungu, na ule ubao wa nyuma sikuwahi kuubadilisha maishani mwangu. Niliona aibu kusema sijui. Ni hilo tu, hakuna lingine.

Tukaweka jiko la mkaa chini ya boti, ngozi ikakauka juu juu. Nikasiliba pati. Pati ya gari! Ile ya kujazia milango iliyobonyea, inayofyonza maji. Nikapiga msasa, nikapaka jelkoti nyeupe, nikamalizia na polishi. Watu wa pale ufukweni walikuja kujipiga nayo picha.

Kwenda walienda salama. Wakati wa kurudi bahari ikachafuka kidogo, si ya kutisha, na nyuma ikachanika. Mashine ikaondoka na kipande cha boti. Akina mama wote walikuwa wamevaa maboya, Mtani alikuwa mkali sana kwa hilo. La kwake alikuwa amelikalia, kama kawaida yake. Wavuvi waliwaokota akina mama wote, hakubaki hata mmoja. Yeye alipatikana kesho yake.

Mke wake aliponipigia nilikuwa napulizia rangi mlango wa gari. "Shemeji, mtani wako katutoka." Nikasema, "Nimesikia, shemeji." Nikarudi nikaumalizia ule mlango. Mpaka leo sijui kwa nini niliumalizia.

Tukazika Pugu. Sasa, kwa asiyejua, msibani mtani ana kazi yake. Wafiwa wakizidiwa ndiye anayewachekesha, anamwiga marehemu, anadai urithi, na hakuna wa kumkataza. Mama mzazi wa Mtani alikuwa amekaa mkekani, hali wala hanywi. Watu wakaanza kunisukuma: "Mnyamwezi yuko wapi? Mbona umepoa leo?"

Nikasimama. Wallahi nilikusudia kutania. Nikafungua mdomo, kikatoka kilichokuwemo.

"Mie ndiye niliyemuua! Boti ilikuwa imeoza, nilijua, nikapaka pati juu!"

Wakacheka. Jamani, walicheka! Mkeka mzima! Mmoja akapiga kelele, "Mnyamwezi kakiri, mfungeni!" Wakanifunga mikono kwa kanga, wakanihukumu kuwachotea wafiwa maji. Nikasema tena, "Kweli jamani, nimemuua," ndiyo kwanza wakazidi. Yule mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya ushungi, halafu akaomba uji. Wakamletea, akanywa.

Ningemwambia nini tena? Wakanifungua, nikachota maji. Nilipoyatua, bibi mmoja akaniambia, "Mungu akubariki baba, umetusaidia." Nikamjibu ahsante.

Tangu hapo niko hivi. Nakula, sijui nilichokula. Mke wangu ananiuliza nina nini, namwambia nimechoka. Wateja wananisifia rangi, nashukuru. Usingizi napata vizuri tu, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Ningebaki hivyo hivyo, lakini ile boti wavuvi waliikokota mpaka nchi kavu. Watu waliuona ubao mweusi, wakasema umelowa siku ile ile. Juzi shemeji akaileta gereji kwangu juu ya lori, yeye na mdogo wake Mtani.

"Shemeji, itengeneze," akasema. "Shemeji yangu huyu ndiye ataiendesha, watoto wapate kula. Wewe ndiye uliyekuwa unaijua."

Yule kijana akacheka, sauti ya kaka yake kabisa. "Mchukuzi, usinizamishe na mie!"

Jamani! Maneno yale yalinichoma. Ndiyo mara ya kwanza nimesikia kitu mwilini tangu siku ile. Sikucheka. Akaniangalia, kisha akaangalia pembeni.

Boti ipo uani. Nimeifungua nyuma yote, ubao unamomonyoka mkononi kama mkate uliolowa chai, na pati yangu imeshika pembeni, inaonekana. Sijapaka kitu. Ijumaa wanakuja, shemeji, yule kijana na mama mzazi wa Mtani. Nitawakalisha hapo hapo mbele ya boti niwaeleze nilichofanya. Wakitaka kunipeleka polisi, nitatangulia mbele.

Fundi mwenzangu, ukiona ubovu kwenye chombo cha mtu, usijisifu kuwa ulimwambia. Jiulize ulimwambiaje. Kama hujui kazi, sema hujui, aibu yake inaisha jioni ile ile. Na kama mwenye chombo ni mtu mliyezoeana kwa vicheko, mkalishe chini, mwambie. Akicheka, usicheke. Mwambie tena.