Chumvi ya Mama Siwema

Hapa Isevya, enzi za Mwingereza, chumba kilichoota kuvu hakikuingiwa tena mpaka Getruda aseme. Mwenye nyumba atakwangua kuta, atafukiza, atapaka chokaa. Kisha Getruda atakuja na ungo wa chumvi ya Uvinza, ile ya kijivu ya mabongebonge, auweke katikati ya chumba na mlango ufungwe. Akirudi siku nyingine akaikuta kavu, watu wahamie. Ikiwa imelowa, kuta bado zina maji na kuvu itarudi, hata chokaa ing'ae vipi.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu, alimzika mtoto. Siwema, bintiye wa pekee, alikohoa masika mazima katika chumba walichopanga kwa mzee Anton, ukuta mweusi toka sakafuni hadi dirishani. Getruda alipoomba ukwanguliwe, Anton alimjibu mbele za watu, "Mtoto ana kifua tu. Nyumba yangu haina neno." Mazishini hakutokea. Tangu hapo Getruda alimchukia waziwazi. Mimi jirani yake nilimsikia akimtaja Anton kwenye rozari, wala si kwa heri.

Miaka ikapita, Anton akataka kukipangisha chumba kilekile. Sikuzani, mpangaji aliyekuwa na mimba kubwa, akakataa kuingia mpaka chumvi iwekwe. Mzee hakuwa na la kufanya, akamwita Getruda. Naye akaja, akaweka ungo wake, halafu ufunguo akamwachia Anton mwenyewe. Tukamwona mjinga.

Siku ya kufungua tulijaa uani. Chumvi ilikuwa kavu kweli, ila nyeupe pe, laini, ya dukani. Mzee yule hajawahi kutia chumvi kwenye chungu maisha yake yote. Kwake chumvi ni chumvi. Wanawake tukatazamana. Jirani yetu Apolinaria akaziba mdomo kwa khanga.

Getruda hakuigusa habari hiyo. Alitabasamu, na mimi tabasamu lile lilinitisha.

"Shikamoo, mzee Anton."

"Marahaba, Mama Siwema. Umeiona? Kavu."

"Nimeiona. Chumba kisafi kabisa. Basi leo alale humu mjukuu wako, huyu mchanga wa Raymundi. Masika yakiisha salama, Sikuzani atahamia."

Anton akacheka, akaona hakuna anayecheka naye. Raymundi, mwanawe, alikuwa palepale na mkewe, mtoto mgongoni. Wote wawili walimtazama wakingoja jibu. Mzee akafuta jasho.

"Huyu mtoto," akasema taratibu, "ana kifua."

"Wangu pia alikuwa nacho," Getruda akamwambia. "Lakini yeye ulimwacha alale."

Akaimwaga ile chumvi miguuni pa mzee, akakung'uta ungo, akaondoka. Mke wa Raymundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfuata.