Mapipa ya Shaba

Kwa miaka kumi na mmoja mzee yule hakuikanyaga njia ya kiwanda cha rangi alikokuwa mtunza stoo. Stoo iliungua mchana kweupe, na mwenzake mpakiaji akaungua mikono. Chanzo hakikujulikana, lakini mzee alikwisha kujihukumu: yeye ndiye aliyepanga mapipa ya unga wa shaba kando ya marobota ya karatasi.

“Moto ule niliulisha mimi,” alimwambia bintiye siku moja, kisha hakulitaja tena.

Binti akakua, akawa mpimaji wa usalama wa kemikali. Wenzake maabarani walimwita Bi Kiberiti. Wiki moja likaletwa kopo la unga wa shaba kama ule wa mapipa ya baba yake, chembe kubwa kama za mchanga. Swali lilikuwa moja: je, unavichochea vitu vingine viungue kwa kasi? Vichochezi vya namna hiyo huupa moto oksijeni, na shaba tupu haina ya kutoa. Angeweza kuandika sentensi mbili tu, akafunga faili.

“Mbona unajitwisha mzigo?” mkuu wake akamuuliza.

“Niache nipime, bosi.”

Akachanganya shaba na unga wa karatasi, akaurundika juu ya waya wa kuwashia, akawasha umeme, akabonyeza saa. Mchanganyiko wa kulinganishia, wa karatasi na kichochezi kinachojulikana, uliungua wote. Ule wa shaba ulifuka moshi, ukasinzia, ukazimika. Akarudia mara tano. Mara ya tano machozi yakamlenga, akausingizia moshi.

Jumamosi asubuhi alimkuta mzee barazani akisoma gazeti la juzi.

“Baba, haikuwa shaba.”

“Nani kasema?”

“Nimepima mwenyewe. Mara tano.”

“Basi nini kiliwasha?”

“Hilo sijui, baba. Ninachojua, mapipa yako hayakuulisha moto ule.”

Mzee akavua miwani, akaifuta muda mrefu ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akaomba viatu vyake.

Walimkuta mpakiaji uani kwake, akianika nguo. Alipowaona, beseni likamponyoka. Mikono yake yenye makovu ikamshika mzee mabega.

“Ndugu yangu, nilidhani umenichukia. Siku ile mimi ndiye niliyeacha mlango wazi, upepo ukaingia.”

“Kumbe na wewe,” mzee akasema kwa sauti ndogo.

Binti akaokota beseni, akasuuza nguo zilizoingia mchanga, akaendelea kuanika. Wazee wakaketi kizingitini, kila mmoja akitaka mwenzake aanze kusimulia.